M-Shwari kwa Mwenye Duka: Mkopo wa Siku 30 na Akiba ya Kufunga

M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Novemba 2012, kwa ushirikiano wa kampuni ya simu ya Safaricom na Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni sehemu ya benki ya NCBA, sifa yake kuu ilikuwa kwamba mtu asiye na hati ya shamba wala mdhamini angeweza kukopa kwa simu na kupokea fedha papo hapo. Sifa hiyo ingalipo. Hapa ninaipima huduma hii kwa hesabu za mwenye duka la rejareja, ambaye kila wiki hulazimika kuamua kama fedha alizo nazo zitalipa deni la leo au zitakuza biashara ya mwakani.

Ada ya mkopo ni asilimia 7.5 kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Anayekopa shilingi 10,000 hurudisha 10,750. Kwa mwenye duka anayenunua madaftari mwishoni mwa Desemba, akijua kwamba yatakwisha shule zitakapofunguliwa Januari, gharama hiyo inabebeka. Hata unga, ambao faida yake kwa pakiti ni ndogo, waweza kuhimili ada hiyo ikiwa mzigo unauzwa na kununuliwa upya mara kadhaa ndani ya mwezi. Taabu iko kwenye zile pakiti zilizokwenda kwa majirani kwa mkopo, kwa sababu fedha zake hazizunguki ilhali siku 30 zinahesabika.

Kununua friji ya soda kwa mkopo huu ni uamuzi mbaya. Friji hurudisha gharama yake polepole, msimu baada ya msimu, ilhali mkopo hudai fedha zote mwezi huu. Ukichelewa, muda huongezwa siku 30 nyingine na ada hutozwa upya. Asilimia 7.5 ikilipwa kila mwezi kwa mwaka mzima hufikia asilimia 90 ya fedha zilizokopwa. Kati ya 2016 na 2019, Kenya ilipokuwa na sheria ya kudhibiti riba za benki, ada hii iliendelea kutozwa kwa hoja kwamba si riba. Kwa anayeilipa, nadhani, tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote.

Sehemu ninayoisifu kwa dhati ni akaunti ya kufunga akiba, ambapo mteja huchagua kiasi na muda ambao fedha zake hazitaguswa. Riba yake si ya kujivunia. Thamani yake ni kwamba anayetaka kutoa fedha kabla ya muda hutakiwa kutoa taarifa na kungoja saa 48. Mchuuzi wa jumla anapofika dukani na mzigo wa “bei ya leo tu”, saa hizo humlazimisha mwenye duka kujiuliza kama mzigo huo una wanunuzi.

Hata hivyo, huduma hii ina kasoro katika mpangilio wake. Fedha za mteja mwenyewe huchukua siku mbili kufika mkononi, lakini mkopo wa benki hufika mara moja, kupitia simu ileile. Mtu mwenye 10,000 zilizofungwa, akibanwa na kodi ya duka Ijumaa jioni, huona ni rahisi kukopa na kulipa 750 kuliko kungoja akiba yake hadi Jumapili. Ningependa, kabla hajathibitisha mkopo, aonyeshwe kiasi cha akiba yake na gharama ya mkopo huo kwa mwaka.

Kwa mahitaji ya mwezi mmoja yenye mauzo yanayojulikana, ninaipendekeza, mradi mwenye duka aache nje ya kufuli fedha za kutosha kulipa kodi ya mwezi mmoja. Kwa friji, mizani au kupanua chumba, aende kwenye Sakko, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambako mkopo hulipwa kwa miezi mingi na riba aghalabu hukokotolewa kwa deni lililobaki.