Mrembo, bwana mwenye makovu na Biblia moja

Nimemaliza kusoma The Merchant's Daughter, riwaya ya Melanie Dickerson, jana usiku, na leo asubuhi kabla ya kazi nimezirudia tena kurasa za jioni ile Annabel anapoanza kumsomea bwana wake Biblia. Nikipenda kitabu huwa ninarudi hivyo, mahali pamoja tu, kama mtu anayerudi kuangalia kama kweli alifunga mlango.

Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 2011. Ni ngano ya Mrembo na Dubwana (Beauty and the Beast), ile ya msichana anayempenda mwanamfalme aliyelaaniwa akawa dubwana, iliyohamishiwa kijiji kimoja cha Uingereza mwaka 1352, na uchawi wote umeondolewa. Dubwana hapa ni mtu: Ranulf le Wyse, bwana mwenye ardhi aliyewahi kuraruliwa na mbwa mwitu. Jicho moja limekwenda, uso una makovu, na hasira yake iko karibu sana. Mrembo ni Annabel, binti wa mfanyabiashara aliyekuwa tajiri na sasa ni marehemu. Mama yake na kaka zake hawataki kufanya kazi za lazima za mavuno kwenye mashamba ya bwana kama wanakijiji wengine. Siku ya kudaiwa inapofika, Annabel ndiye anayekwenda kutumika nyumbani kwa bwana.

Niliposoma sura za mwanzo niliona wanakijiji ni wakali kupita kiasi kwa familia iliyofiwa. Kisha nikakumbuka mwaka. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, na inakadiriwa iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Wavunaji wakawa adimu, vibarua wakadai ujira mkubwa zaidi, na mwaka 1351 ikapitishwa sheria ya kuwarudisha kwenye ujira wa kabla ya tauni. Sasa weka hapo familia yenye vijana wenye nguvu zao isiyotaka kushika mundu, na jirani zao wamezika nusu ya nyumba na bado wanainama shambani toka alfajiri. Hata mimi ningenuna. Mwandishi hakuokota mwaka huo ovyo, na deni la kazi linabeba hadithi vizuri kuliko laana yoyote ya kichawi.

Lakini kilichonikamata hasa ni Biblia. Wengi tunaijua ngano hii kutokana na toleo fupi la Jeanne-Marie Leprince de Beaumont wa Ufaransa, la mwaka 1756. Mle ndani, msichana anapofika kwenye kasri la Dubwana anakuta chumba alichoandaliwa, na kinachomshangaza zaidi ni maktaba kubwa, kinanda na vitabu vya muziki. Anajiambia kwamba kama angekuwa ameletwa kuliwa siku hiyohiyo, asingeandaliwa vyote hivyo. Dickerson ameifuta maktaba yote akabakiza kitabu kimoja tu. Annabel anatamani kuingia utawani, na kiu yake kubwa ni kulisoma Neno la Mungu mwenyewe. Wakati huo Biblia nzima ya Kiingereza haikuwapo. Ile inayohusishwa na John Wycliffe ilikuja miaka ya 1380, na uchapaji wa Gutenberg karne iliyofuata. Kila nakala ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na msichana wa kijijini angeweza kuzeeka bila kuigusa. Kumbe anayo huyu huyu bwana anayemwogopa. Naye anataka asomewe kila jioni.

Mimi nilimsomea bibi yangu Zaburi karibu miaka miwili, macho yake yalipokwisha. Ukimsomea mtu kwa sauti kila siku unaanza kumjua kwa namna nyingine. Unajua mstari upi unamfanya avute pumzi, na upi unamfanya anyamaze kwa namna ya mtu aliyeguswa pabaya. Bibi tukifika Zaburi ya 88 alikuwa akininyoshea mkono nisimame kidogo. Hakuwahi kusema kwa nini. Kwa hiyo niliamini kabisa kwamba watu wawili wanaoogopana wanaweza kuanza kupendana hivyo, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza, bila hata kushikana mikono.

Yapo yaliyonisumbua. Tom, msimamizi wa bwana anayemtaka Annabel kwa nguvu, ni mbaya mwanzo hadi mwisho, na vitisho vyake vinarudi mara nyingi mno. Kitabu kimeandikiwa vijana, na hakuna lugha chafu wala mambo ya chumbani, ila hofu ya kubakwa imo na inaonekana waziwazi. Mzazi ajue hilo kabla hajampa binti wa miaka kumi na miwili. Annabel naye ni mwema mno. Nilitamani akosee kweli hata mara moja, akasirike na kutubu kama sisi wengine. Na imani yake, ya kufungua Biblia na kuamua mwenyewe moyoni, ina sauti ya Ukristo wa leo kuliko ya karne ya 14.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, mtu wa kidato cha pili anakwenda nacho bila kamusi. Mwisho unaujua tangu ukurasa wa kwanza, maana ngano ni ileile. Haikunipunguzia kitu.

Nakala yangu nimempa mpwa wangu wa miaka kumi na saba. Nimemwambia akifika penye Tom na moyo ukamwenda mbio, aruke, kisha atakapofika kwenye jioni ile ya kwanza ya kusoma, asome kwa sauti.