Kifaa cha elfu sitini na kile cha laki saba na nusu: uzoefu wangu wa vifaa vya kusikia

Nimetumia vifaa viwili vya kusaidia kusikia. Cha kwanza ni kile kidogo cha rangi ya ngozi kinachokaa nyuma ya sikio. Kijana wangu alikinunua Kariakoo kwa shilingi elfu sitini akanitumia kwa basi hadi Mafinga. Cha pili nilipimiwa na kuwekewa kliniki, Mbeya mjini. Laki saba na nusu kwa sikio moja, ukiacha vipimo na nauli. Wenzangu wa mbao wananiuliza kila mara kama tofauti hiyo ya bei ina maana. Ina maana, ila si kwa sababu wanayoidhania. Kilichonifaa zaidi ni kupimwa, na kifaa kikarekebishwa kufuata vipimo.

Niko kwenye mbao tangu ujana. Anayeijua Mafinga anajua misumeno inavyolia huku kutwa nzima, na kinga yetu ya masikio ilikuwa pamba, ikipatikana. Kikomo kinachotumika sana cha usalama kazini ni kelele ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu. Msumeno wa duara hufika desibeli 100 bila shida. Piga hesabu: hapo mtu ana robo saa tu kwa siku. Sisi tulikuwa tunashinda nao.

Uziwi wa kelele hauanzi kwa kimya. Unaanza kula sauti nyembamba, hasa zile za karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), huku sauti nzito zikibaki. Kwa hiyo mtu akiongea namsikia vizuri kabisa kwamba anaongea. Anachosema ndicho sikipati. Mteja akipiga simu akataja bei, sitini na tisini kwangu zilikuwa kitu kimoja. Kwenye biashara ya mbao hiyo si tofauti ya kuchekea.

Sasa kifaa cha elfu sitini. Sikiponde. Sebuleni, mlango umefungwa, naongea na mama watoto peke yetu, kilisaidia. Taarifa ya habari niliisikiliza bila kuwafukuza watoto kwa sauti ya televisheni. Tatizo ni kwamba kina kigurudumu kimoja tu cha kuongeza sauti, na kinaongeza kila kitu kwa pamoja: vikombe, upepo, bodaboda, jirani anayekohoa. Sauti nzito ambazo nilikuwa nazisikia tayari zikawa kero, na zile nyembamba nilizozikosa bado hazikutosha. Sokoni nilikuwa nakivua. Na Juni ikifika, baridi la huku mnalijua, nikivaa mzula kinapiga mluzi hadi watu wanageuka.

Kuna jambo jingine kuhusu vifaa vya aina hii. Kilichotengenezwa vizuri kina kikomo, sauti kali ikija kinaizuia. Vya bei ya chini kabisa vingine havina kikomo cha maana, na sikio lililokwisha umia halihitaji kuongezewa kelele.

Kliniki hawakuanza kunionyesha vifaa. Walianza kuchungulia masikio kwa taa, wakakuta la kushoto limeziba nta. Wakaitoa, na pale pale nikasikia afadhali. Nina hakika wapo watu mitaani wanaolipia kifaa wakati tatizo lao ni nta. Baada ya hapo nikaingizwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, nikavishwa hedifoni, nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio hata kama ni hafifu mno. Wakaweka na kidude kinachotetemesha mfupa wa nyuma ya sikio, ili wajue kama shida iko kwenye njia ya sauti au ndani zaidi, kwenye sikio la ndani au neva. Majibu huchorwa: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Mstari wangu ulikwenda tambarare hadi hezi 1,000, kisha ukaporomoka kama barabara ya mlima wa Kitonga.

Mchoro huo ndio uliofanya pesa yangu isipotee bure. Kifaa kiliunganishwa na kompyuta, dada wa pale kliniki akaongeza sauti nyembamba tu na nzito akaziacha. Kwenye tundu la sikio akaniwekea kiplastiki laini chenye matobo, sauti nzito zipite zenyewe. Nilipolalamika kwamba karatasi zinapiga kelele na sauti yangu mwenyewe naisikia ngeni, akacheka: "Mzee wangu, usikihukumu leo. Ubongo ulishazisahau hizo sauti. Kivae kila siku, halafu urudi tukirekebishe." Nilirudi, akapunguza kidogo sehemu ya kati, na hapo ndipo kilipokaa sawa. Anayekuuzia bila kukupa nafasi ya kurudi amekuuzia nusu ya kifaa.

Je, kimerudisha masikio yangu? Hapana. Stendi bado naambulia vipande, na kanisani kwaya ikiwashiwa spika zote nakipunguza. Seli za ndani ya sikio zilizokufa hazioti tena. Lakini simu za wateja napokea mwenyewe. Na kwenye msumeno nakivua, navaa kinga ya masikio, maana kuvaa kifaa pale ni kujimaliza.

Nilichagua cha betri za kubadilisha badala ya cha kuchaji, kwa sababu nashinda msituni na umeme tunaujua wenyewe. Betri zake ni zile zenye kibandiko, yangu namba 13, kibandiko cha chungwa. Ukikibandua iache dakika moja iingie hewa ndipo uifunge. Za saa za mkononi hazifai, hata muuzaji aape. Usiku nakifungia kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mpwa wangu aliyeko Marekani alitaka kunitumia cha huko. Tangu Oktoba 2022 kule mtu mzima mwenye tatizo dogo au la wastani anaweza kununua dukani bila kuandikiwa, na vingine unavirekebisha mwenyewe kwa simu. Ni mpango mzuri kwa mwenye simu janja na subira. Ningemwambia yeyote akubali, mradi apimwe kwanza hapa na ajue nani atamsaidia kikigoma. Kwa mtoto, hapana kabisa. Na kama usikivu umekata ghafla, au ni sikio moja tu, au kuna usaha, maumivu au kizunguzungu, achana na maduka uende kwa daktari wa masikio haraka. La ghafla hasa lisisubiri hata wiki.

Kile cha Kariakoo amekichukua mkwe wangu, anakitumia kwa redio na hana malalamiko. Mimi nimeambiwa masikio mawili yangenisaidia zaidi kwenye kelele na kujua sauti inatokea upande gani. Naamini. La kushoto linasubiri mzigo wa paini uliopo uwanjani uuzwe.