Chokaa ya mawe Pemba: kazi inafanya, ila nauli inauma

Nimeitumia kupunguza uchachu wa udongo, kwenye konde la mahindi na kwenye malisho ya ng'ombe, upande wa Wete. Ni ile ya mawe yaliyosagwa, mfuko wa kilo 50, inayovushwa kutoka Tanga. Bei ya mfuko wenyewe si mbaya. Kinachouma ni nauli, wapagazi na gari ya ng'ombe mpaka shambani, maana ekari moja yaweza kutaka tani nzima, yaani mifuko 20.

Udongo niliupima kwanza: pH, yaani kipimo cha uchachu, ilikuwa 4.9; namba ikishuka, uchachu umezidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kudumaza mizizi, na fosfati ya mbolea unayoimwaga hufungwa ardhini, mmea usiipate. Ndiyo maana mahindi yangu yalikuwa yakitoka majani ya zambarau na mbolea nimetia. Mvua zetu huosha kalisi (kalsiamu) ya udongo mwaka baada ya mwaka, uchachu ukazidi. Jicho la mtu halimo hapo.

Msimu wa kwanza sikuona la maana. Chokaa hii huchukua miezi, na chembe kubwa hukaa tu kama changarawe. Mzigo wangu ulikuwa na chembe hizo nyingi, na hapo muuzaji namkata alama. Masika yaliyofuata zambarau ikaondoka, na njugu nyasa, ambazo bila kalisi hutoa maganda matupu, zikajaa vizuri. Kwenye malisho aliyefaidi ni mlukina, ule mti wa majani ya kulisha ng'ombe. Majani ya tembo sikuona tofauti, na muhogo haukuhitaji: uchachu unauvumilia.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisinunue chokaa ya tanuu, ya kujengea, iko hapa hapa. Inafaa, tena ikishazimwa kwa maji kilo 100 zake ni sawa na kilo 135 hivi za mawe. Lakini inaunguza ngozi na macho, na ni rahisi kuzidisha, mimea ikaanza kukosa zinki na chuma. Mie bila ya miwani na glavu siigusi. Na iwe chokaa gani, usiitie pamoja na yurea wala samadi mbichi. Nitrojeni yake itapotea hewani kwa wingi.

Ndugu zangu wa Micheweni mnaolima maweni, hela zenu wekeni. Jiwe mnalolilimia ni chokaa tayari.

Nitaagiza tena kwa konde la juu, ila safari hii muuzaji afungue mfuko niuchekeche unga mbele yake kabla sijalipa.