Antena ya setilaiti ya kushika mkononi: ukiwa Dodoma ununue ipi?

Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kikipita juu ya Dodoma unakuwa nacho kwa dakika kama kumi tu. Ripita yake, yaani redio inayopokea sauti za wapenzi wa redio na kuzirusha tena, unaitumia kwa 145.990 MHz (bendi ya VHF) na toni ya 67 Hz inayoifungua, unaisikiliza kwa 437.800 (bendi ya UHF). Kutuma si kazi, wati tano za redio ya mkononi zinatosha. Wengi wanakwama kwenye kusikia, ndiyo maana nimezipanga antena hizi kwa jinsi zinavyosikia.

Ya kwanza ni Yagi (antena ya vijiti vilivyopangwa safu, unayoielekeza kwenye kituo) ya kampuni ya Arrow: vijiti vitatu vya VHF, saba vya UHF. Hivyo saba ndivyo unavyolipia, na utafurahi kila mara kituo kikiwa chini karibu na upeo wa macho. Vijiti vinafunguka, inaingia kwenye begi. Ila kila bendi ina kebo yake. Kama redio yako ina tundu moja, agiza yenye dupleksa, kifaa kinachounganisha bendi mbili kwenye kebo moja, ndani ya mpini. Ukikosea hapo, kuagiza tena kutoka Marekani kutakuumiza.

Antena ya Elk inaifuata kwa karibu mno. Bendi zote mbili zinapita kebo moja, haihitaji dupleksa. Anayeanza na redio moja achukue hii, sitambishia.

Ya tatu unaiunda mwenyewe kwa futikamba ya chuma, bomba la plastiki na klipu za mpira wa maji, vyote vya duka la vifaa vya ujenzi. Kwangua rangi vizuri kabla ya kulehemu waya. Inasikia vizuri ajabu kwa bei yake, lakini upepo wetu wa Dodoma unaichezesha. Kwa kundi la wanafunzi ningeiweka ya kwanza.

Ya nne, kijiti kirefu cha kama sentimita 48: ni robo ya wimbi kwenye VHF, robo tatu kwenye UHF. Kinafaa kituo kikipanda juu sana. Usikielekeze ncha, kipe ubavu.

Kile kifupi cha mpira kilichokuja na redio hakitoshi.

Hakikisha una leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kubonyeza kitufe. Tafuta uwanja wazi, anza kusikiliza 437.810 ukishuka taratibu hadi 437.790, maana mwendo wa kituo huyasogeza masafa, na sauti ikififia zungusha kiwiko mpaka irudi.