TAHADHARI: shokabsoba kuukuu zauzwa mjini kama dampa za stelingi

Jamani, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na hasira sina pa kuziweka. Wenye gari za porini, someni kabla hamjatoa pesa.

Gari yangu mwaijua, na ule mtikisiko wa usukani wake tangu niweke tairi kubwa mwaujua pia. Nikaenda kwa bwana mmoja wa spea, Mwembe Tayari hapa Mombasa, kutafuta dampa ya stelingi, kile kifaa cha kutuliza usukani usitetemeke. Akaniagizia kahawa na kashata, akatoa boksi jipya, rangi nyeusi yang'aa, stika juu. Akakisimamisha kitu mezani, akaikandamiza fimbo kwa kiganja mpaka chini, akaachia. Ikapanda yenyewe polepole. "Waona? Gesi hiyo! Yashika usukani mpaka Tsavo." Wallahi nilifurahi. Elfu tisa na mia tano, M-Pesa palepale. Na kwa nini nisimwamini? Bushi na breki alizoniuzia zamani zilikuwa safi, risiti zake zina muhuri, na wateja wake ni watu wazima ninaowaheshimu.

Ikafungwa garini. Tumepita Miritini twaelekea Mariakani, katikati ya malori, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kukata kulia mzito, kushoto mwepesi. Kugonga shimo tu, gari ikatetemeka yote, mama watoto ameshika dashibodi anamlilia Mungu.

Fundi akaifungua, akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake kovu la weldi! Shokabsoba ya nyuma ya gari nyingine, jicho, lile tundu la kufungia, limekatwa likaungwa jingine. Shokabsoba hutengenezwa isimame, na hukaza zaidi ikivutwa kuliko ikibanwa. Ukiilaza kama dampa, hewa yaingia kwenye oili, yatoa povu. Dampa hukaza sawa pande zote mbili, na haitakiwi kuusukuma usukani popote. Ile gesi aliyojisifia ndiyo iliyokuwa ikinivuta!

Nimerudi dukani, yuwaniambia mbele za watu kwamba fundi wangu ndiye kaiharibu. Afungiwe duka huyu, ashtakiwe! Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ipo ya nini? Mtu akipinduka Mazeras, nani atawalea watoto wake?

Fimbo ikijitokeza yenyewe, au rangi mpya imefunika weldi, wacha. Na tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, zikaguliwe kwanza, maana dampa huficha ubovu wa tairodi.

Nawe kama umeuziwa, niandikie inboksi, tubebe risiti twende kituo cha polisi pamoja wiki hii.