Programu ya ramani iliyomtupa bikizee wa watu kinamasini

Nianze na yule kijana wa huduma kwa wateja wa programu hii ya ramani, maana hadi leo nikimkumbuka chai hainipiti kooni. Nimempigia mara ya nne, salio limeisha, namweleza kwamba ramani inadanganya. Ananijibu: "Ssebo, wewe ni mpima au dereva wa wapima? Programu haina shida, shida ni data yako." Akakata.

Mimi napima vibanja. Miezi michache iliyopita nilikuwa upande wa Lwera, kwetu Uganda, barabara ya Masaka, ukishapita Kayabwe pale watalii wanapopigia picha kwenye alama ya ikweta. Bikizee mmoja, wote wakimwita jajja, anagombania mpaka na jirani. Nikazunguka na GPS kona zote nne, mwenyekiti wa kijiji (LC1) nyuma yangu, jajja mbele akinionyesha kila mti kwa fimbo yake. Jioni nikaweka zile nukta juu ya ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000 niliyoiskani. Kibanja chote ndani ya mafunjo! Migomba, choo, kaburi la mumewe, vyote vinaogelea.

Programu niliyoilipia kwa mkopo wa SACCO haikuuliza kitu. Ilinyamaza, ikachora, ikatia na rangi nzuri.

Mdogo wangu ndiye aliyenifungulia QGIS, programu ya ramani ya bure, kwenye laptopu yake yenye kioo kilichopasuka. Akaiambia ile karatasi ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabia mahali kwenye ramani zetu, na nukta za GPS ni WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, papo hapo kikaja kidirisha: tubadilishe kwa njia ipi? Akachagua, na jajja akarudi nchi kavu. Kumbe kwetu hapa tofauti ya hizo mbili inafika karibu mita 300. Usipobadilisha, nukta za GPS zinateremka kusini, na kusini kwa jajja ni maji. Nusura niibusu ile skrini. Nikaapa ile ya kulipia ni takataka, siigusi tena.

Halafu dogo akauliza, taratibu: "Kaka, hukusoma hapa pembeni mwa karatasi?" Imeandikwa Arc 1960. Na mimi, nikikimbizana na umeme usije ukakatika, nilikuwa nimeiandikisha ile karatasi kuwa WGS 84. Programu ingeuliza nini, wakati nimeshaidanganya?

Kwa hiyo kijana alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini "dereva wa wapima"? Programu naipa nyota moja. Haya, mbili: ramani aliyokabidhiwa jajja nimeichapa kwa hiyo hiyo ya kulipia, maana majina ya vijiji inayapanga yasipandane, na mimi QGIS bado inanipiga chenga hapo.

Leseni inaisha mwezi ujao. Kijana ameshatuma ujumbe wa kunikumbusha kulipa. Safari hii ananiita mheshimiwa.