Gari-nyumba la kukodi kutoka Florida mpaka California: joto linaliweza, baridi tabu

Maksi kwanza, gari lenyewe naliwekea 4 kwa 5, kampuni iliyonikodisha naipa 2 na jina lao sitaji. Tulitoka Jacksonville, Florida kwa barabara ya I-10, New Mexico tukakata kupanda na I-25 hadi Denver, alafu I-70 na I-15 mpaka California, mwishoni mwa Oktoba, kwahiyo gari moja hilohilo limekula fukuto la Florida, jua la Texas, theluji ya Colorado na jangwa la Nevada. Rivyu nyingi nilizosoma ni za watu waliolala nalo wikiendi moja tu.

Ni lile la saizi ya kati lililojengwa juu ya chasi ya Ford E-450, kitanda kimoja juu ya dereva kingine nyuma. Kuliendesha sio kazi kama linavyotisha ukiliona, kona unazichukua kwa upana na matawi unayaangalia, basi. Mafuta ndio linakunywa aisee, maili 8 hadi 10 kwa galoni, na ukikutana na upepo wa mbele Texas hata hizo huzioni, na Texas yenyewe haiishi, I-10 mle ndani peke yake ni kama kilomita 1,400.

Kwenye joto sina malalamiko makubwa. AC ya kwenye paa inajitahidi, ila kile kitanda cha juu ya dereva mchana ni tanuri. Umeme wa kambi ukiwa wa ampea 30 usiwashe AC na maikrowevu pamoja, breka (swichi inayokata umeme ukizidi) inaanguka hapohapo, yaani unachagua upoe au ule. Jenereta inanyonya petroli ya tenki la gari, ikibaki kama robo inajizima yenyewe usije ukakwama njiani, hapo waliotengeneza walitumia akili.

Sasa baridi. Hita inachoma gesi, kwahiyo watu wanaona mtungi umejaa wanalala wametulia, kumbe feni inayosukuma hilo joto inakula betri ya ndani, ile ya upande wa kuishi sio ya injini, na betri tuliyopewa ilikuwa imechoka kitambo. Tulilala karibu na Raton Pass, pale I-25 inapovuka milima mpakani mwa New Mexico na Colorado, kwenye mita 2,388 huko, saa tisa usiku feni ikaanza kupunguza mwendo, mvumo ukawa mguno, ikapuliza hewa ya baridi kidogo ikanyamaza, alafu ikawa inajaribu kuwaka tena, tik tik tik, haiwaki. Gesi tele! Kulipokucha naipigia kampuni, dada wa huduma kwa wateja ananijibu "pole kaka, ungewasha jenereta". Dada, usiku kambini kuna saa za ukimya, jenereta utamwashia nani? Betri nikanunua mwenyewe, risiti nimewatumia na mpaka leo "inashughulikiwa".

Mpira unaoleta maji ya kambi nao usiuache umeunganishwa usiku wa barafu, utaganda, jaza tenki la ndani, uchomoe, utumie pampu. Valvu za maji taka za hili gari zimekaa nje wazi kabisa chini huko, hazina kinga yoyote, asubuhi moja tulisubiri jua lizipashe ndio zikafunguka. Na presha ya matairi pima kila asubuhi kabla hujaondoka, joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit unapoteza kama psi 1.

Eisenhower Tunnel, handaki la I-70 kule Colorado, iko kama mita 3,400 juu, pale injini inahema kweli, pakiti za chipsi zilivimba kabatini na chupa ya shampuu ikajitapikia yenyewe bafuni. Kushuka weka gia ndogo mapema injini ishike, breki uzipumzishe. Utah kati ya Green River na Salina ni zaidi ya kilomita 160 hamna kituo cha mafuta, jaza kabla.

Kama safari yako ni ya kusini tu, I-10 mwanzo mwisho, lichukue bila wasiwasi. Kama unapanda milimani wakati wa baridi, nenda na kipima umeme siku ya kulipokea, betri ya ndani iliyojaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 waambie waibadilishe kabla hujasaini.